Kadi Moja, Kitaa Kizima

Mtafute mshikaji yeyote aliyekulia Bariadi mjini kati ya 2005 na 2012 na aliyekuwa mtu wa gemu kwelikweli. Mtajie MX 440, halafu kausha. Sura itachangamka, kiti kitavutwa, na stori itaanza palepale: nani alikuwa nayo, ilitokea wapi, ilifungwa kwenye CPU ya nani, na ilizima siku gani. Madogo wanaokesha na Free Fire kwenye simu huwa wanashangaa kumwona mtu mwenye familia yake anadata na kipande cha bodi chenye kafeni kadogo juu.

Acha tudate, wanangu. Zile kadi za grafiksi za zamani zilitupa raha, hilo halina ubishi. Ila zilitupa na kitu kingine kikubwa zaidi: zilitufungulia mashine. Zilikuwa adimu, bei ilikuwa juu, na hakuna sela aliyeweza kumiliki moja peke yake. Ikabidi tujichange, tufungue, tufunge, tubishane, tujifunze. Wapo mafundi wazuri tu leo, Bariadi, Maswa mpaka Mwanza, ambao bisibisi ya kwanza waliishika kwa sababu ya gemu. Nawajua, nimekua nao, na nataka stori yao iandikwe.

Mzigo wa mtumba

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na hata zuio lilipokuja kulegezwa, mashine zilianzia kwa wakubwa: wizarani, benki, vyuoni. Televisheni yenyewe huku Bara imeanza 1994. Ndiyo maana watu wa Marekani na Ulaya wakisimulia gemu zao za miaka ya 80, sisi tunasikiliza tu. Zamu yetu ilikuja miaka ya 2000, na ilikuja na mtumba.

Kipindi hicho hakukuwa na Mkoa wa Simiyu. Bariadi, Maswa na Meatu tulihesabiwa Shinyanga, na wana wa Busega walikuwa Magu, upande wa Mwanza. Mkoa wetu umezaliwa Machi 2012. Kompyuta zilizotufikia zilikuwa Dell OptiPlex na HP Compaq zilizostaafu kwenye maofisi ya watu huko majuu. Mzigo unashuka Dar, unapanda Mwanza, halafu unapakiwa kwenye basi, unapita Magu, unakata kona Lamadi na kuingia njia ya vumbi mpaka stendi ya Bariadi. CPU inaviringishwa kwenye blanketi na kuwekwa chini ya siti. Monita ya chogo inapakatwa mapajani safari nzima, maana buti la basi halina huruma.

Hakuna aliyeleta mashine Bariadi kwa ajili ya gemu. Zililetwa zipige mzigo: steshenari za kuchapa barua za maombi ya kazi na mitihani ya shule, na vile vibanda vya kuchoma CD na kujaza nyimbo kwenye memori kadi. Pamba ikianza kununuliwa, hela inatembea mjini na vibanda vinafurika. Mzee katoka Dutwa au Ngulyati, kauza pamba yake, anataka simu ijazwe nyimbo za Kisukuma mpaka ikatae. Mchana mashine ni ya hela. Usiku, bosi akishafunga hesabu, mashine ni ya wana.

Shida ilikuwa ndani. OptiPlex nyingi za rika lile zilikuwa na grafiksi ya Intel iliyojengewa kwenye mazabodi, ile ya chipu za 845G na 865G za mwaka 2002 na 2003. Haikuwa na memori yake yenyewe. Ilikuwa inakopa RAM ya mashine, na mashine yenyewe unakuta ina RAM ya MB 256. Barua inachapa freshi. Karata zinakwenda. Weka gemu ya Vice City sasa: magari yanaibuka ghafla mbele yako, kona ya barabara inachelewa kutokea, na mvua ikinyesha ndani ya gemu kila kitu kinastaki. Unabonyeza kulia, gari linakata kulia ukiwa umeshagonga ukuta.

Kadi inapiga kazi gani

Kila kitu unachokiona kwenye gemu ya 3D, mtu, gari, jengo, mti, kimeshonwa kwa pembetatu. Ni maelfu kwa maelfu. Kila pembetatu lazima iwekwe mahali pake, ivalishwe picha, itiwe mwanga na kivuli, halafu yote yafutwe na kuchorwa upya, mara 30 kwa sekunde, ili jicho lione mwendo umenyooka. Skrini ya 800 kwa 600 ina pikseli 480,000. Ukizidisha kwa 30 unapata pikseli zaidi ya milioni 14 za kupakwa rangi kila sekunde.

Prosesa inaweza kuzipiga hesabu zote hizo, tatizo inazipiga kwa foleni. Ni mkulima mmoja mwenye nguvu za kutisha anayevuna ekari nzima ya pamba peke yake. Kadi ya grafiksi ni kundi la wavunaji waliojipanga mstari mmoja, kila mtu na tuta lake, wanasogea pamoja. Hakuna mmoja kati yao wa kumshinda yule mkulima, lakini jua linazama shamba limekwisha.

Kadi ina na memori yake, ndiyo zile MB 32 na MB 64 tulizokuwa tunatambiana. Humo ndimo zinamokaa picha za kuvalisha vitu: lami, ukuta wa matofali, jezi ya mchezaji, uso wa CJ wa San Andreas. Memori ikijaa, kadi inakwenda kuchota kwenye RAM, na njia ya kwenda huko ni ndefu. Hapo ndipo unapoona jengo limekaa jeupe kwanza, halafu madirisha yanakuja baadaye.

Ukoo wenyewe

Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ya San Jose, California, iliachia Voodoo Graphics. Ilikuwa na MB 4 tu, na haikujua hata kuonyesha Windows. Kazi yake ilikuwa 3D tupu. Ulibaki na kadi yako ya kawaida, unavuta waya kutoka kwenye kadi hiyo kwenda kwenye Voodoo, halafu Voodoo ndiyo inayokwenda kwenye monita. Gemu ikifunguka, Voodoo inashika skrini. Toleo la Righteous 3D la kampuni ya Orchid lilikuwa na swichi za chuma ndani yake, kwa hiyo ulisikia kwa masikio yako "tak" pale 3D inapowaka. Mwaka 1998 ikaja Voodoo2, na mwenye pesa zake aliweza kufunga mbili kwenye mashine moja, zikagawana mistari ya skrini: huu wangu, huo wako, mpaka chini.

Nvidia walikuwa wameanza 1993, vijana watatu: Jensen Huang, Chris Malachowsky na Curtis Priem. Chipu yao ya kwanza, NV1 ya 1995, ilibuma sokoni. RIVA 128 ya 1997 ndiyo iliyowanyanyua, TNT zikafuata, na tarehe 11 Oktoba 1999 ikaingia GeForce 256. Watanzania wiki ile tunaikumbuka kwa msiba. Tarehe 14 Mwalimu Nyerere alifariki London, na nchi nzima ilikuwa imekaa kwenye redio. Upande wa pili wa dunia ilikuwa imezinduliwa chipu ya transista milioni 23 iliyoitua prosesa mzigo wa kuzipanga zile pembetatu na kuzitia mwanga. Nvidia waliinadi kwa jina la GPU, na jina hilo ndilo dunia inalolitumia mpaka leo. Desemba 2000 wakazinunua mali za 3dfx, Voodoo ikafia hapo. ATI ya Kanada nao walikuwa na Radeon, na Radeon 9700 Pro ya 2002 iliwakalisha Nvidia kitako kwa muda. AMD wakaja kuinunua ATI mwaka 2006.

Hizo za moto hatukuziona kwa macho. Zilizopanda basi kuja Simiyu ni zile za bei ya kawaida: GeForce2 MX, GeForce4 MX 440, FX 5200, Radeon 9250. Huko zilikotoka watu walishazichoka. Kwetu zilifika zikiwa mpya kwa kila anayezitazama.

MX 440 ilitoka Februari 2002. Jina linasema GeForce4, lakini sehemu kubwa ya usanifu wake ni wa ukoo wa GeForce2, na ilikosa pixel shader, ule uwezo wa kuipa kila pikseli maelekezo yake yenyewe ya rangi na mwanga. John Carmack, mtu wa Doom na Quake, alilalamika hadharani jinsi Nvidia walivyochanganya majina. Gemu zenye masharti zikaanza kuikataa: Prince of Persia: The Sands of Time ya 2003 ilikuwa haiitaki kabisa. Lakini Vice City iliipokea. Need for Speed: Underground 2 iliipokea. San Andreas, iliyofika kwenye kompyuta Juni 2005, ilikubali pia, ukishusha vitu kidogo. Kwa sela wa Bariadi hiyo ilikuwa tayari dunia nzima.

Siku kadi ilipofungwa

Yetu ilitoka Mwanza. Tulijichanga watu wa kijiwe kimoja, kila mtu na chake. Mwingine hela ya kuvuna pamba za watu, mwingine ya kubeba mizigo stendi, mwingine bibi yake alimpa jogoo auze. Mwenye mjomba Mwanza ndiye aliyetumwa. Akarudi na kadi imefungwa kwenye gazeti: haina boksi, haina CD, stika imebanduka nusu, na kwenye mapezi ya hitisinki kuna vumbi la mwenye nayo wa kwanza.

Fundi wetu alikuwa kaka mmoja wa kutengeneza redio, kibanda chake si mbali na stendi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza kwenye taa.

"Madogo, hii AGP. Mmeangalia mashine yenu kama ina sloti yake?"

"Ipo kaka, ile ya kahawia."

"Mmeiona kwa macho au mmeambiwa?"

"Tumefungua, kaka. Tumeiona."

"Haya. Nileteeni ufutio."

Dogo mmoja akachomoka na kurudi na ufutio wa shule. Fundi akaanza kusugua yale meno ya dhahabu ya kadi, taratibu, upande mmoja mpaka mwisho, halafu wa pili. Uchafu mweusi ukabaki kwenye ufutio, meno yakang'aa. Akapuliza makombo. Kabla hajagusa mazabodi alishika kwanza chuma cha CPU kwa kiganja kizima, na akatufundisha palepale: mwili una umeme wake, unaweza kuua chipu bila wewe kusikia chochote, kwa hiyo ukabidhi kwenye chuma kabla ya kushika kitu.

Kazi ikaja kwenye urefu. CPU ile ilikuwa nyembamba, ya kulaza, na kadi ilikuwa ya urefu kamili. Lile bati la ubavuni, linalokaa upande wa kuchomekea waya, lilikuwa haliingii hata kwa dawa. Fundi akafungua skrubu, akalitoa bati, akaishusha kadi kwenye sloti na kuikandamiza mpaka ikakaa. Mfuniko haukufunga tena. Kadi ikabaki imechomoza nje, feni inazunguka mbele ya macho yetu, na monita iliyokuwa inakaa juu ya CPU ikahamia kwenye stuli. Waya wa monita ni mzito, ungeivuta kadi ikalegea, kwa hiyo tuliufunga na kamba ya katani kwenye mguu wa meza.

Fundi akawasha. Sekunde za kwanza skrini ilikuwa nyeusi tii. Halafu juu kabisa, kabla hata ya Windows, yakatokea maandishi meupe: GeForce4 MX 440, MB 64. Hakuna bao la Simba wala Yanga lililowahi kupigiwa kelele zile kwenye kibanda kile.

Draiva, dxdiag na ujanja wa wasio na kadi

Windows XP ilipofunguka, kazi ikaanza upya. Bila draiva kadi haijui kazi yake: alama zimevimba, rangi zimechakaa, na kwenye Device Manager kuna kale ka alama ka njano kanakutazama. Draiva ilikuwa ni faili la makumi ya megabaiti, na intaneti kafe ya kipindi kile ikikatika katikati unaanza moja. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar Julai 2009; siku za kwanza za kadi yetu hata huo haukuwepo. Tulichokuwa nacho ni CD moja iliyoandikwa kwa maka peni "DRAIVA ZOTE", iliyokuwa inatembea mkono kwa mkono mpaka Maswa na kurudi. Ilikuwa na mikwaruzo ya kutosha, na kila aliyeirudisha alirudi na neno: ya Intel ipo folda hii, ya Nvidia ipo hii, usiguse ile, ina virusi.

Hapo ndipo watoto wa darasani walioogopa Kiingereza cha mwalimu walipokaza kusoma. Ilikuwa lazima uelewe mashine inakuambia nini. Kila mtu alijua kwenda Start, Run, kuandika dxdiag, na kusoma kilichomo: jina la kadi, memori, toleo la DirectX. Ukitaka kujua kama gemu ya mshikaji itacheza kwako, unasoma nyuma ya kava masharti yake, unalinganisha na dxdiag yako, unatoa hukumu. Jamaa alikuwa anafeli hesabu shuleni, ila mtajie prosesa, RAM na memori ya kadi, anakuambia gemu itaendaje na wapi itakwama. Na anapatia.

Wasio na kadi nao hawakukubali unyonge. Kulikuwa na programu inaitwa 3D-Analyze. Unaichagua gemu, unaweka alama za tiki, na ile programu inaidanganya gemu kwamba grafiksi ya Intel ina uwezo ambao haina. Gemu iliyokuwa inakataa hata kufunguka inafunguka. Wakati mwingine uwanja unatokea hauna nyasi, wachezaji hawana vivuli, na mpira unaonekana vizuri tu. Watu walicheza ligi nzima namna hiyo, kiroho safi.

Kwenye kadi yetu sheria ilikuwa moja: aliyefungwa anapisha, aliyechanga anatangulia, na dogo aliyeleta ufutio alihesabiwa kachanga. Msimbo wa HESOYAM wa San Andreas uliandikwa kwenye kurasa za mwisho za madaftari ya nusu ya mji, unarudisha afya, unatoa kinga na dola 250,000 za kwenye gemu. Mwenye Fraps, programu ya kuhesabu picha kwa sekunde, aliiwasha, na zile namba za njano kwenye kona ya skrini zikawa ubishi wa usiku mzima: 22, 25, 31, eti nani kasema shusha vivuli, nani kasema punguza umbali wa kuona. Ukishusha skrini kutoka 1024 kwa 768 kwenda 800 kwa 600 unaona namba inapanda, na unaelewa kwa nini inapanda. Pikseli zimepungua. Hesabu imepungua. Mwanafunzi wa kidato cha pili anagundua hilo mwenyewe, usiku, Bariadi.

Vumbi na umeme

Tuna vumbi letu sisi, na kwenye msimu lina nyuzi za pamba ndani yake. Nyuzi zile zikijisokota kwenye mhimili wa feni, feni inapungua kasi, inaanza kuguna, halafu inasimama. Chipu ikipata moto picha zinaharibika: vidoti vya rangi vinatapakaa, miti inageuka zambarau, skrini inachanika mistari. Ukiona hivyo unazima fasta. Tulijifunza kuifungua feni, kutoa nyuzi kwa kibano, kutia tone la mafuta ya cherehani, na kubadilisha ile pesti ya joto iliyokauka kati ya chipu na hitisinki. Mchana wa jua kali CPU yetu iliyokuwa uchi ilielekezewa feni ya mezani.

Kulikuwa na ugonjwa wa kapasita pia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilisambaa duniani kapasita zenye maji mabovu ndani, zikaingia kwenye mazabodi na pawa saplai za kila aina. Ukiona kichwa chake kimetuna badala ya kuwa bapa, au kimevuja kitu cha kahawia, unajua mashine imeanza kuumwa. Yule fundi alitufundisha kuisoma: namba ya volti, namba ya mikrofaradi, na alama ya upande wa hasi. Kapasita nzima ikatolewa kwenye redio mbovu, ikachomelewa, mashine ikaamka. Mtu anayeona hivyo kwa macho yake haogopi tena kufungua kitu chochote.

Halafu umeme. Nchi ilipita kwenye mgao mkali 2006 na tena 2011, na hata siku za kawaida unaweza kukatika katikati ya mbio. Hatari kubwa ilikuwa unaporudi, maana unarudi kwa kishindo. Mwenye stabilaiza alihesabiwa tajiri. Sisi tulichomoa plagi kila ulipokatika, tukasubiri taa ya mtaa itulie ndipo tukachomeka. Kadi yetu iliondoka usiku mmoja wa namna hiyo, kibandani hakukuwa na mtu wa kuchomoa. Fundi aliipima, akaipasha, akabadilisha kilichobadilishika, ikagoma. Haikutupwa. Ilikaa kibandani kwake na ikawa kadi ya kufundishia: madogo waliofuata walijifunzia kufungua hitisinki na kusoma namba za chipu kwenye maiti ile. Na sisi tukaanza kujichanga upya.

Walipo leo watoto wa zile kadi

Mwaka 2009 AMD waliiuzia Qualcomm kitengo chao cha grafiksi za simu, kile walichokirithi kwa ATI. Grafiksi za Qualcomm zinaitwa Adreno. Zipange herufi zake upya unapata Radeon. Kwa hiyo dogo wa Lagangabilili mwenye simu ya Snapdragon, chipu ya Qualcomm, anayecheza eFootball kwenye kivuli cha mwembe ameshika mjukuu wa ile Radeon ya mtumba. Simu zenye chipu za MediaTek nyingi zinatumia Mali, grafiksi za kampuni ya Arm. Kila simu janja iliyopo Simiyu leo ina GPU ndani yake.

Na mwaka 2012, mwaka uleule tuliopata mkoa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walichukua kadi mbili za gemu, GTX 580 zenye GB 3 kila moja, wakazitumia kuifunza kompyuta kutambua vitu kwenye picha. Programu yao, AlexNet, iliwaacha mbali wapinzani kwenye shindano la ImageNet, na mbio za akili mnemba tunazoziona leo zikashika moto. Ilikuwa kazi ileile ya wavunaji kwenye mstari: hesabu ndogondogo nyingi, zinapigwa pamoja. Kadi ya RTX 4090 ya mwaka 2022 ina transista bilioni 76. GeForce 256 ilikuwa na milioni 23. Kati ya hizo mbili imepita miaka 23 tu.

Nikiyatazama haya roho inaniuma na kunifurahisha kwa pamoja. Inanifurahisha kwa sababu sisi tulikuwa ndani ya stori hii, kwa nyuma kidogo, lakini ndani. Inaniuma kwa sababu dogo wa leo ana mashine kali kuliko zote tulizowahi kuzigusa, na imefungwa kwa gundi. Haina mfuniko wa kufungua, haina sloti ya kahawia, haina feni ya kutoa nyuzi. Anacheza freshi, ila hajui ndani kunaendelea nini, na hakuna kinachomlazimisha ajue. Tukinyamaza, ule ufundi utaisha na kizazi chetu.

Kwa hiyo naweka ombi mezani kwa masela wote wa zamani, kuanzia Bariadi, Maswa na Mwanhuzi mpaka Lamadi na Nyashimo. Fungueni makabati. Zile MX, zile FX, zile Radeon zilizozima, mazabodi zenye kapasita zilizotuna, CPU za kulaza zisizo na mfuniko, msimuuzie mtu wa skrepa kwa kilo. Kila mtaa una fundi simu mwenye meza na taa. Mwombeni Jumamosi moja kwa mwezi, muwakusanye madogo, muwape bisibisi, wafungue wenyewe. Waambieni kipi ni chipu, ipi ni memori, kwa nini feni ipo, kwa nini ufutio. Shule zenye maabara ya kompyuta zitafurahi kupata vitu vya kufungua bila hofu ya kuharibu.

Na uwanja tunao. Nyakabindi ilibeba Nanenane ya kitaifa mwaka 2018 na 2019, watu walimiminika kutoka kila kona ya nchi kuangalia mbegu, ng'ombe na matrekta. Pale pale panatosha meza moja ya wana wa Simiyu: upande huu kadi ya AGP, upande ule simu iliyofunguliwa, katikati dogo wa kidato cha pili anayeweza kuwaeleza wazazi wake kwa Kiswahili na Kisukuma jinsi pembetatu zinavyogeuka kuwa picha. Nimeshaanza kukusanya, na wana wawili watatu wameahidi za kwao. Mwenye kadi aje nayo, mwenye ujuzi aje nao, na asiye na vyote viwili aje na dogo wake.